Injini ya safari ndefu aliyoichagua Mzee Baridi

Saa moja kasoro asubuhi, umande bado umelala juu ya vioo vya magari, na Mzee Baridi anaingia yadini bila kumsalimu mtu. Si kwamba hana adabu. Anakwenda moja kwa moja hadi kwenye gari la kijivu lililoegeshwa safu ya mbele, anaweka kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo kwa muda, kama mama anayempima mtoto homa. Kisha anahamia kwenye gari jeupe lililo pembeni yake na kufanya vilevile. Hapo ndipo anapogeuka kuwaamkia watu.

"Hamjambo nyote," anasema. "Hili jeupe lina joto. Nani ameliwasha?"

Dalali wa yadi, mwanamume mnene mwenye rundo la funguo kiunoni, anacheka na kutazama pembeni. Anadai aliliwasha kidogo tu, alisogeze lisizibe njia. Mzee Baridi hambishii. Anavuta ndoo kuukuu, anaipindua kivulini na kuketi juu yake.

"Basi tutasubiri lipoe," anasema. "Mimi sina haraka."

Dalali anainua mikono juu. "Mzee, wewe utanifungia duka!"

"Duka lako utalifunga mwenyewe kwa uongo," anajibu mzee, na wote wawili wanacheka, maana utani huu wameurudia miaka mingi na hakuna anayeudhika tena.

Jina la Baridi alipewa hapa hapa yadini. Hasikilizi injini iliyokwisha kupata moto, hata alipwe nini. Injini mbovu ikishapashwa hutulia na kuunguruma kwa heshima zote, kumbe ndani imeoza. Ikiwashwa ikiwa imelala usiku kucha, ndipo inapokohoa, inapogonga, inapotoa ule moshi wa bluu unaosema kwamba inakula oili. Wauzaji wanalijua hilo, kwa hiyo huamka mapema kuzipasha injini kabla wateja hawajafika. Na Mzee Baridi huamka mapema zaidi yao.

Ana umri wa miaka sitini na mitatu. Thelathini kati ya hiyo aliimalizia chini ya magari ya watu, akifungua na kufunga injini, hadi mgongo ulipogoma. Sasa kazi yake ni kuchagua. Watu wanaotaka kununua gari lililotumika, hasa yale magari ya juu ya familia yenye viti saba, humchukua aje kuwasikilizia ili wasiuziwe mbuzi kwenye gunia. Wiki nzuri anapata wateja watano. Wiki mbaya hapati hata mmoja, na malipo ya gari moja hayajazi hata robo ya tangi lake. Dalali amewahi kumwahidi mara tatu ya malipo hayo ili mradi afumbe mdomo tu. Hakukubali, ndiyo maana hadi leo anakuja kazini kwa miguu.

Wateja wa leo ni fundi umeme na mkewe, ambaye ni mpishi katika shule moja. Wanafika jua likiwa limeanza kupanda, mume mbele, mke nyuma akiwa amebeba mkoba kwa mikono miwili. Wamekwisha kupunguza uchaguzi wao hadi magari mawili. Ni ndugu wa tumbo moja, umbo lile lile, mwaka ule ule wa kutengenezwa, viti saba kila moja. Tofauti iko chini ya boneti. La kijivu ni la dizeli. Jeupe ni la petroli.

Fundi umeme anataka la kijivu. Anaanza kueleza sababu kabla hajaulizwa, lakini Mzee Baridi anamwonyesha kiganja.

"Kwanza niambieni," anasema. "Kila siku mnakwenda wapi?"

"Mzee, tumekuja kununua gari," anasema fundi umeme. "Mbona kama tuko polisi?"

"Mwache aulize," mkewe anamkatiza. Anaanza kuhesabu kwa vidole. Kuwapeleka watoto shule, kumpeleka yeye kazini, sokoni, kurudi nyumbani. "Yote hayo hayavuki hata daraja."

"Basi chukueni jeupe," anasema Mzee Baridi.

Hata boneti hajaifungua. Wala hajawasha chochote. Dalali anatikisa kichwa, kwa kuwa anajua swali hilo limetoka wapi. Zamani mzee hakuwa akiliuliza. Alianza kuliuliza mwaka jana, baada ya injini aliyoichagua yeye mwenyewe, akaisikiliza asubuhi tatu mfululizo, akaiapia mbele ya watu, kufia njiani ikiwa na binti yake na mjukuu wake. Tangu siku hiyo binti hakupokea tena simu ya baba yake. Mzee Baridi ana jambo moja tu analolitaka duniani, nalo ni kusikia sauti ya binti huyo ikimwita tena.

*

Binti ni kifungua mimba wake. Anaishi mji mwingine, kilomita mia nne na ushei kutoka hapa, na mumewe na watoto watatu. Ni fundi cherehani. Mtoto wake wa mwisho, wa kike, alizaliwa na miguu dhaifu. Ana miaka sita na hawezi kutembea bila kushikwa. Madaktari walisema mazoezi ya kliniki, mara tatu kwa wiki bila kukosa, yanaweza kumsimamisha.

Kliniki si mbali. Kwa gari ni dakika kumi, foleni na yote. Kwa pikipiki haiwezekani, mtoto hana nguvu ya kujishika. Kwa miguu, mama yake alikuwa akimbeba mgongoni, na mtoto anakua, hapungui uzito. Ndipo yeye na mumewe walipojibana, wakauza walichokuwa nacho, wakamwandikia baba: tutafutie gari la familia, wewe ndiye fundi.

"Nilifurahi kama nimepewa kazi na rais," anasema Mzee Baridi. "Niliwaambia watu wote hapa yadini. Binti yangu ananunua gari, na mimi ndiye ninayechagua."

Alichagua dizeli. Na hapa ni lazima ielezwe vizuri, kwa sababu watu wengi wakisikia wanadhani mzee alidanganywa au alizeeka akasahau. Injini ile ilikuwa nzima. Ilikuwa nzuri kuliko zote zilizokuwa yadini mwaka ule. Lakini magari ya dizeli ya siku hizi yana chujio kwenye bomba la moshi, linalonasa masizi. Chujio hilo hujisafisha lenyewe kwa joto kali, na joto hilo halipatikani ila gari likimbie barabara kuu kwa muda mrefu. Gari linalozunguka mtaani, dakika kumi kwenda na dakika kumi kurudi, halipati moto wa kutosha. Masizi yanajaa. Gari linajaribu kuyachoma kwa kumwaga dizeli ya ziada, dizeli inachuruzika hadi kwenye oili, oili inakuwa nyepesi kama maji, na chuma kinaanza kusagana na chuma.

Yote hayo Mzee Baridi aliyajua. Ameyaeleza kwa wateja mara nyingi.

"Sasa kwa nini, mzee?" mwandishi wa gazeti anamuuliza.

Anakwangua rangi kwenye ndoo kwa ukucha.

"Kwa sababu nilidhani atakuwa anakuja kwangu," anasema. "Nilijiambia, mtoto sasa ana gari lake, kila mwisho wa mwezi atapakia watoto aje. Kilomita mia nne kuja, mia nne kurudi. Kwa safari kama hiyo hakuna injini inayoishinda dizeli. Ningekuwa mjinga kumpa petroli. Niliiuliza injini maswali yote. Mwanangu sikumuuliza hata moja."

Mganga hajigangi, wahenga walisema, nao hawakukosea.

*

Yadini, fundi umeme hajakubali. Anasema dizeli ina nguvu. Anasema dizeli haili mafuta. Anasema mwenzake kazini analo la dizeli, mwaka wa tatu huu, na hajawahi kulipeleka gereji. Sababu zote hizo Mzee Baridi anazikubali kwa kichwa, moja moja, bila ubishi. Kisha fundi umeme anatoa ile aliyokuwa ameiweka akiba.

"Na pia tutakuwa tunakwenda kwa mama. Ni mbali kule. Kila mwisho wa mwezi tutakwenda."

Mzee Baridi anainua uso. "Mara ya mwisho mlikwenda lini?"

Fundi umeme anatazama tairi. Anayejibu ni mkewe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsitiri mwenzake huku akimwumbua.

"Mwaka juzi. Kwenye msiba wa baba yake."

Dalali anajifanya anatafuta ufunguo.

"Hatukuwa na gari," anasema fundi umeme hatimaye. "Tukiwa na gari mambo yatabadilika."

"Na mimi nilisema hivyo hivyo, mwanangu," anasema Mzee Baridi. "Neno kwa neno."

Anawasimulia kwa kifupi habari za binti yake. Hazungushi, hajipendelei. Mke wa fundi umeme anashika mdomo anaposikia habari za mtoto. Mume anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema kwa ukaidi wa mtu aliyeguswa pabaya, "Mimi nitakwenda. Mama yangu yupo peke yake. Nitakwenda."

Basi mzee anasimama, anafungua boneti ya gari la kijivu na kufanya kazi yake. Anachomoa kijiti cha oili, anakinusa, anasugua oili kati ya vidole viwili. Anamwambia dalali awashe. Anaegemeza sikio karibu, macho yakiwa chini, mkono mmoja ukiwa umeshikilia bonde la mgongo. Injini inashika mara moja, inanguruma nzito na sawa. Anazunguka nyuma kuangalia moshi. Anarudi.

"Haina kosa," anasema. "Ni injini nzima kabisa."

Wanalinunua la kijivu. Mke anapoingia kiti cha mbele anamwangalia mzee kupitia dirishani, kama anayeomba radhi. Mume anapiga honi mara mbili, na gari linatoka langoni likiwa na furaha ya watu wapya.

"Hata ya binti yangu haikuwa na kosa," anasema Mzee Baridi likishapotea.

Hakasiriki kwa kutosikilizwa. Kinachomchosha ni kingine. "Zamani niliwaambia watu hii injini inagonga, ile inavuja. Maneno ya chuma tu," anasema. "Siku hizi kila ninayemwambia achukue petroli, ni kama nimemwambia: wewe kwa mzazi wako huendi. Nani anapenda kuambiwa hivyo asubuhi? Na nani anataka kuwa ndiye anayesema? Kila gari la petroli ninalolichagua, najua kuna mzee mahali fulani ndiyo basi tena."

*

Nyumbani kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu ya kawaida. Kwa miguu yake ni zaidi. Mtaa ni wa nyumba ndogo zilizobanana, na malango yake ni membamba, ya kupitisha mtu na baiskeli. Isipokuwa lango moja. Lango la Mzee Baridi ni pana, la chuma, la mabawa mawili, na pande zote mbili za ukuta bado zinaonekana mahali palipobomolewa na kuzibwa upya kwa saruji ya rangi tofauti.

Alilipanua mwezi ule ule gari la binti liliponunuliwa. Alikwenda yadini na utepe wa kupimia, akapima upana wa gari pamoja na vioo vyake vya pembeni, akaongeza shubiri mbili kwa ajili ya mtoto kufungua mlango. Fedha aliyotumia ilikuwa ya kutibia mgongo. Majirani hawakumwacha. Mpaka leo kuna mmoja kila akipita humuuliza, "Mzee, treni imechelewa leo?"

"Namjibu kwamba iko njiani," anasema. "Nitamjibu nini kingine?"

Ndani, mkewe ametandika meza. Ni mwanamke mwembamba, mcheshi kwa wageni, mkali kwa mumewe. Kwenye kona ya chumba cha pili, magodoro mawili madogo yamesimamishwa ukutani, bado yamo kwenye nailoni zake za dukani. Yalinunuliwa kwa ajili ya wajukuu. Nailoni imeanza kuwa ya manjano.

"Nilimwambia, mpigie mtoto umuulize anataka nini," anasema mkewe, akimwelekeza mumewe kidole kana kwamba hayupo. "Akaniambia, 'Mama watoto, mimi ndiye fundi.' Haya. Fundi ndiye huyo hapo."

"Sema yote," anasema Mzee Baridi. "Mgeni asikie yote."

Mama anashusha pumzi. Anasema gari lilipochukuliwa, binti na mumewe walikuja kwa basi, wakalala usiku mmoja, wakaondoka nalo asubuhi. Hiyo ndiyo safari ndefu pekee ambayo gari lile liliwahi kufanya, na ilikuwa ya kuondoka. Mwezi wa kwanza binti alisema ana nguo za watu za kumaliza. Mwezi wa pili mama mkwe wake aliugua. Mwezi wa tatu kliniki iliongeza siku. Hakuna sababu hata moja iliyokuwa ya uongo.

Mwezi wa tano taa ya manjano ikawaka kwenye dashibodi. Binti akampigia baba. Na Mzee Baridi akampa jibu ambalo fundi yeyote duniani angempa: taa hiyo dawa yake ni safari ndefu, lipeleke barabara kuu ulikimbize, litajisafisha. Kisha akaongeza neno moja. Akasema, "Njoo nalo mpaka huku. Litapona njiani."

Binti alipiga mara tatu kuhusu taa hiyo. Mara tatu alijibiwa vile vile.

*

Kwa simu, binti ana sauti ya upole inayofanana na ya mama yake. Anakubali kuzungumza na gazeti baada ya kufikiri siku mbili. Nyuma yake cherehani inasikika ikikimbia na kusimama.

"Nilidhani ni ujanja wake," anasema. "Baba kila kitu humalizia na njoo. Ukimwambia unaumwa kichwa, anasema njoo upumzike huku. Ukimwambia mtoto amefaulu, anasema njoo naye tumwone. Sasa na taa nayo, njoo. Nilicheka. Nikamwambia mume wangu, mzee anatuita kwa taa."

Cherehani inanyamaza.

"Kumbe safari hiyo alikuwa anasema kweli."

Gari lilizimika siku ya kliniki, asubuhi, katikati ya makutano, na mtoto akiwa kiti cha nyuma amefungwa mkanda. Liligonga mara mbili kwa nguvu likakata moto. Fundi wa huko alipomwaga oili alikuta inanuka dizeli tupu. Bei ya injini nyingine ilikuwa sawa na bei ya gari jingine. Likasukumwa uani, likafunikwa turubai.

Tangu hapo mtoto alirudi mgongoni. Siku za mvua hawaendi. Siku ambazo mama ana kazi za watu za haraka hawaendi. Mara tatu kwa wiki ikawa mara moja, na wiki nyingine hakuna. Kabla gari halijafa, mtoto alikuwa ameanza kusimama akishikilia ukingo wa meza ya kukatia nguo, akihesabu kwa sauti mpaka kumi. Sasa hasimami. Daktari amesema misuli iliyopotea inaweza kurudi, ila hakusema itarudi lini.

"Sikumkasirikia baba kwa sababu ya gari," anasema binti. "Magari hufa. Nilimkasirikia nilipoelewa kwa nini alichagua lile. Nilimwomba gari la kwenda kliniki. Akanipa gari la kwenda kwake."

Anaulizwa kama amewahi kumwambia baba yake maneno hayo. Anasema hapana. Kisha anasema azoe nini na maji yalishamwagika, na kwamba ana nguo ya bibi harusi inamsubiri, na simu inakatika.

Mzee Baridi anapoelezwa, hajitetei. "Ni kweli," anasema. "Ningekuwa yeye ningesema zaidi." Na baadaye kidogo, akiwa anavaa viatu: "Ule wito wa njoo. Nusu ilikuwa ufundi, nusu ilikuwa mimi. Mwanangu alisikia ile nusu yangu."

*

Wiki moja na ushei baadaye, mwandishi anarudi yadini kuchukua picha na kumkuta Mzee Baridi ameketi juu ya ndoo yake mbele ya gari jeupe la petroli, lile lile walilolikataa fundi umeme na mkewe. Dalali amesimama kando. Safari hii hana utani.

Simu ilikuja juzi jioni. Alipiga mkwe, mume wa binti. Wameliuza lile gari la turubai kwa mtu wa vipuri, na mwajiri wa mkwe amekubali kuwakopesha kilichobaki. Wanatafuta gari jingine. Halafu mkwe akasema subiri, na simu ikapokelewa na mtu mwingine.

"Akasema, 'Baba, shikamoo,'" anasimulia mzee. "Nikashindwa hata kuitikia marahaba. Mama yake ndiye aliyeitikia kwa niaba yangu."

Binti hakuzungumza kwa muda mrefu. Hakugusia yaliyopita. Alisema anataka la petroli. La kuwasha na kuzima, la shule na kliniki. La huku huku, alisema.

Mzee Baridi anaweka kiganja kwenye boneti jeupe. Baridi. Dalali, bila kuambiwa, hakuliwasha leo. Mzee anamwashiria. Injini inashika kwa ufunguo wa kwanza, laini, bila kugonga, bila kukohoa. Anaisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Anavuta kijiti cha oili, ananusa. Anazunguka nyuma na kuweka kitambaa cheupe mbele ya bomba la moshi, anakiangalia pande zote mbili. Hakina doa.

"Vipi, mzee?" dalali anauliza. "Linafaa?"

"Linafaa," anasema. "Kwa kliniki hakuna litakaloshinda hili."

Mwandishi, kwa nia njema, anamkumbusha kwamba petroli nayo inasafiri. Kilomita mia nne si kitu kwa gari kama hili. Binti akitaka kuja, litamleta.

Mzee Baridi anakunja kitambaa na kukirudisha mfukoni.

"Najua," anasema. "Hata lile lingemleta. Gari halikuwahi kukataa kuja."

Anageuka na kujifuta uso kwa mkono wa shati. Dalali anazima injini na kusogea mbali, anakwenda kufuta gari ambalo ni safi tayari.

Mkwe atakuja Jumamosi kwa basi kulichukua. Anasema atafika asubuhi na kuondoka hiyo hiyo asubuhi, ana kazi Jumapili. Mzee Baridi ana mpango wake, na anaueleza taratibu, kama mtu anayeogopa kuuvunja kwa kuutamka. Anataka kumwambia mkwe aje Ijumaa jioni badala ya Jumamosi. Walitoe gari yadini, waliendeshe mpaka nyumbani, lipite kwenye lango, lilale uani usiku mmoja. Injini ikishatembea inapaswa kulala ndipo isikilizwe tena asubuhi ikiwa baridi. Ni kanuni. Kila fundi anaijua. Lakini hajapiga simu bado.

"Nikimwambia hivyo, binti atasema ni ujanja," anasema.

Anaulizwa kama ni ujanja. Anaangalia chini, anacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Nusu," anasema.

Anainua ndoo yake na kuirudisha ukutani, mahali inapokaa siku zote. Mkewe amekwisha kutia mafuta bawaba za lango. Bawa la kushoto limekaa muda mrefu bila kufunguliwa, na Jumatatu lilipojaribiwa lilikwama nusu.